Silinda Sita Katika Mstari Mmoja: Nguvu Inaanzia Kwenye Kipimo

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya hesabu, na nimeamua kuandika juu ya injini. Mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba sikukosea.

Mambo yalianza darasani. Tulikuwa katikati ya somo la ujazo wa duara refu, gari ikapita nyuma ya darasa, ile Land Cruiser nyeupe ya mashirika tunayoijua wote. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye daftari lake lilikuwa halijafunguliwa tangu asubuhi, akasema bila hata kugeuka: "Hiyo ni silinda sita." Mwenzake akabisha, eti magari yote ni silinda nne. Ubishi ukawa mkubwa, somo likasimama. Nikamwuliza yule wa kwanza, wewe umejuaje na gari hujaiona? Akanijibu: "Mwalimu, nne inatetemeka. Sita inaimba."

Huyu kijana ndiye yule yule aliyeniambia wiki moja kabla kwamba anaacha masomo ya hesabu aende kujifunza ufundi, sababu hesabu hazifungui boliti. Siku ile nilikosa jibu la kumpa. Sasa nikapata wazo. Jioni nikaongozana naye mpaka kwa Papa fundi, mzee anayetengeneza pikipiki na mashine za kusaga kule karibu na soko. Tulikaa naye jioni tatu. Kijana alitaka kujua kitu kimoja tu: watu wanafanyaje kuchukua injini ya zamani ya silinda sita na kuipa nguvu ya mashindano? Haya ninayoandika ni tuliyojifunza kwa mzee, pamoja na yale niliyoyasoma na kuyapigia hesabu mwenyewe.

KWA NINI SITA INAIMBA

Kwanza, kijana alikuwa na haki yake. Land Cruiser nyingi za mashirika zina injini ya mazutu inayoitwa 1HZ. Ni lita 4.2, na silinda zake sita zimepangwa mstari mmoja kama watoto kwenye foleni ya uji.

Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni zote zimeshikwa na mikono yake, mafundi wanaiita konrodi, kwenye chuma kimoja kirefu kilichopindapinda kinachoitwa krenki. Krenki ndiyo inayogeuza kupanda na kushuka kuwa kuzunguka. Sasa tazama mpangilio wa sita: pistoni ya 1 na ya 6 zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ya 2 na ya 5 hivyo hivyo. Ya 3 na ya 4 hivyo hivyo. Jozi hizo tatu zimegawana mzunguko sawasawa, nyuzi 120 kwa kila jozi. Nguvu inayotaka kuirusha injini juu inafutwa na nguvu inayotaka kuivuta chini. Ndiyo maana injini hii imetulia.

Halafu kuna jambo la pili. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda inapata moto mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, yaani nyuzi 720. Gawa kwa sita, unapata moto mmoja kila nyuzi 120. Lakini kila pistoni inasukuma kwa nyuzi 180 hivi. Kwa hiyo kabla mmoja hajamaliza kusukuma, mwenzake ameshaanza. Mmewahi kuwaona akina mama watatu wakitwanga kinu kimoja kwa zamu? Mchi haupumziki. Ndiyo wimbo wenyewe.

Ila uzuri huo una bei yake. Krenki ya silinda sita ni ndefu, na chuma kirefu kinaposukumwa hujisokota na kujisokotoa kidogo kidogo. Mizunguko ikifika mahali fulani, ule msokoto unaongezeka wenyewe kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, na krenki inaweza kukatika. Kwa sababu hiyo, mbele ya krenki kunafungwa gurudumu zito lenye mpira ndani yake la kutuliza msokoto. Papa fundi anasema vijana wa garaji wakiona lile gurudumu zito wanalitoa, wanafunga jepesi ili injini iwe na mbio. "Wanatoa dawa, wanabaki na ugonjwa," alisema.

INJINI ILIYOKUFA NGOMO

Jioni ya pili mzee alitusimulia habari ambayo, alisema, hapendi kuisimulia.

Miaka ya 1980 alikuwa fundi kijana Bukavu. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa na Land Cruiser ya zamani, ile fupi ya FJ40, yenye injini ya silinda sita ya esansi. (Wasomaji wetu Watanzania, esansi ni petroli, na mazutu ni dizeli.) Mama alikuwa anashuka nayo Uvira, anapakia ndagala, anapanda nazo Bukavu. Gari likawa zito mlimani. Akamwambia fundi: niongezee nguvu.

Fundi akaongeza. Aliskimu hedi, yaani alipeleka kile kifuniko cha juu cha injini kwenye mashine wakapunguza uso wake wa chini, ili hewa ibanwe zaidi. Akafunga kabureta kubwa zaidi. Akasogeza moto wa plagi mbele. Akajaribu gari mitaani Bukavu: linaruka! Mama akafurahi, akalipa, akashuka Uvira.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo hesabu inapoingia. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko karibu mita 800. Kule chini hewa ni nzito zaidi, kwa makadirio yangu karibu asilimia 8. Injini iliyobana sawasawa Bukavu, Uvira inabana kupita kiasi, kwa sababu kila pumzi inaingiza hewa nyingi zaidi. Ongeza joto la bonde la Ruzizi saa nane mchana. Ongeza magunia na abiria juu ya magunia. Ongeza esansi ya dumu, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Halafu upande mlima wa Ngomo na gia ya pili.

Injini ikaanza kugonga. Kugonga huko sio chuma kugongana na chuma. Ni mchanganyiko wa hewa na esansi kulipuka wenyewe kwa kubanwa na joto, wakati ule moto wa plagi haujamaliza kazi yake. Ni kama kupiga pistoni kwa nyundo. Dereva alisikia, akadhani ni valvu, akakanyaga mafuta. Kabla ya kufika juu, pistoni moja ilitoboka katikati, tundu la kupitisha kidole. Ndagala zote zikaharibika njiani.

"Mama yule hakunishtaki," mzee alisema. "Alikaa chini akalia tu. Nilimfanyia kazi miaka miwili bila mshahara ili nilipe injini. Na kosa langu lilikuwa moja. Sikupima kitu. Nilikata hedi kwa macho."

Kijana alikuwa kimya kabisa. Na mimi pia.

TUCHUKUE MFANO: DATSUN 240Z

Sasa basi, inafanywaje vizuri? Tuchukue injini moja ambayo ilipita kweli katika barabara za Afrika Mashariki, injini ya Datsun 240Z. Hii ni gari ndogo ya michezo kutoka Japani, ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969. Leo ni gari ya kale, na duniani kote watu wanazifufua na kuziongeza nguvu.

Injini yake inaitwa L24. Ina silinda sita mstari mmoja, bloku ya chuma cha kuyeyusha, hedi ya aluminiamu, na krenki imeshikwa na beringi kubwa saba, moja kila upande wa kila silinda. Upana wa silinda ni milimita 83, na pistoni inatembea milimita 73.7. Watoto wa darasa langu, toeni kalamu: upana ugawanye kwa mbili, zidisha wenyewe kwa wenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mwendo wa pistoni, zidisha kwa sita. Mkifanya kwa sentimita mnapata karibu 2,393. Ndiyo lita 2.4 hiyo. Kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 151 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika.

Hatua ya kwanza: chini kabla ya juu

Kila kijana anataka kuanza na kabureta kwa sababu inaonekana. Mafundi wanaojua wanaanza chini, mahali ambapo hakuna mtu atakayeona. Injini inafunguliwa yote, inaoshwa, inapimwa. Kila silinda inapimwa juu, katikati na chini, kwa upande huu na kwa upande ule, kwa sababu silinda iliyozeeka haiwi duara tena. Ikiwa imeliwa, inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo.

Hapa watu wengi wanajidanganya. Mtu anasema, nimechonga silinda kwa milimita nzima, sasa nina nguvu! Piga hesabu: kutoka 83 kwenda 84, injini nzima inaongezeka sentimita za ujazo 58 hivi. Hizo hazijazi hata robo ya chupa ya soda. Kuchonga ni kwa ajili ya silinda kuwa duara na kuziba vizuri. Nguvu kubwa inatoka kwingine.

Halafu pistoni sita zinapimwa uzito, na konrodi sita pia, mpaka zilingane kwa kiasi cha gramu moja. Konrodi inapimwa kichwa kikubwa peke yake na kichwa kidogo peke yake. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwenye mizunguko 7,000 kila pistoni inasimama na kuanza upya mara 233 kwa sekunde moja. Tofauti ya gramu chache hapo inakuwa nyundo. Tulisema sita imetulia kwa sababu jozi zake zinafutana. Zikipishana uzito, hazifutani tena, na umeua ule wimbo kwa mkono wako mwenyewe.

Mwisho ni beringi za krenki. Kati ya beringi na krenki kuna nafasi ya mafuta, sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Ikizidi, mafuta yanakimbia na presha inashuka. Ikipungua, chuma kinashikana na chuma. Fundi anaweka kiuzi laini cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, anakaza boliti kwa kipimo, anafungua, halafu anasoma kiuzi kimebanwa kikawa kipana kiasi gani. Hakuna anayeweza kuona hiyo nafasi kwa macho. Lazima upime.

Hatua ya pili: kubana hewa

Hapa ndipo mzee alipokosea Bukavu, kwa hiyo tuliganda hapa jioni nzima.

Silinda moja ya L24 ina ujazo wa sentimita 399. Tuseme nafasi yote inayobaki juu ya pistoni ikiwa imefika juu kabisa, pamoja na unene wa gasketi, ni sentimita 50. Jumlisha 399 na 50, gawanya kwa 50. Unapata karibu 9. Maana yake hewa inabanwa mara tisa. Sasa mtu akitaka mara kumi, nafasi ya juu lazima iwe 399 kugawanya kwa 9, yaani 44.3. Umeona? Kati ya injini ya kawaida na injini ya mashindano kuna tofauti ya sentimita za ujazo zisizofika sita. Vijiko viwili vya chai havifiki. Mtu anayekata hedi kwa macho anacheza na vijiko viwili vya chai.

Namna ya kupima ni rahisi. Unageuza hedi juu chini, valvu zikiwa zimefungwa na plagi zikiwa ndani, unafunika chumba kwa kipande cha kioo chenye tundu dogo, halafu unajaza mafuta mepesi kwa bomba la sindano huku ukihesabu. Vyumba vyote sita lazima vilingane. Kimoja kikiwa kidogo, hicho ndicho kitakachogonga kwanza, na pistoni yake ndiyo itakayotoboka.

Kuna mtego mwingine. Kwenye L24 kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, uko juu ya hedi, na unavutwa na mnyororo kutoka kwenye krenki. Ukiskimu hedi, kamshafti inashuka karibu na krenki, mnyororo unalegea, na valvu zinaanza kufunguka kwa kuchelewa. Waliotengeneza hii injini walilifikiria hilo: gia ya kamshafti ina matundu matatu ya kufungia, ili fundi arudishe saa yake mahali pake.

Na pia pistoni na valvu zinaweza kugongana. Fundi anapaka udongo laini juu ya pistoni, anafunga hedi, anazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, anafungua na kukata ule udongo kwa wembe. Unene uliobaki ndiyo nafasi aliyo nayo. Kwa hiyo, watoto wetu wanaofinyanga magari ya udongo, msiwakemee sana.

Hatua ya tatu: kupumua

Injini ni pampu ya hewa. Kinachotoa nguvu ni hewa nyingi kuingia, esansi ya kulingana nayo, na moshi kutoka bila kuzuiwa. L24 ilitoka kiwandani na kabureta mbili za Hitachi, kila moja ikilisha silinda tatu. Wanaojenga kwa mashindano hufunga kabureta tatu zenye midomo miwili miwili, kama zile za Weber au Mikuni, ili kila silinda iwe na mdomo wake. Valvu kubwa zinasaidia pia. L24 ina valvu za kuingiza za milimita 42 na za kutoa za milimita 33. Ndugu yake mkubwa L28, wa lita 2.8, ana 44 na 35.

Lakini midomo sita isipovuta sawasawa ni hasara kuliko miwili. Mafundi wa zamani walikuwa wanaweka ncha ya mpira kwenye mdomo wa kabureta na ncha nyingine sikioni, wanasikiliza mlio wa hewa, wanarekebisha mpaka midomo yote sita iseme sauti moja.

Na bomba za moshi zina siri nzuri. Moto wa injini hii unakwenda kwa zamu ya 1, 5, 3, 6, 2, 4. Gawa silinda mafungu mawili: 1, 2, 3 za mbele, na 4, 5, 6 za nyuma. Fuata zamu: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Haivunjiki hata mara moja! Ukikusanya mabomba matatu ya mbele pamoja na matatu ya nyuma pamoja, moshi wa silinda moja haukutani mlangoni na wa jirani yake. Nilipochora hii ubaoni kijana alisimama, akaja mbele, akaihesabu tena kwa kidole.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanachukua bloku ya L28, yenye silinda za milimita 86, na kufunga ndani yake krenki ya injini ya mazutu ya LD28, ambayo ilikuwa kwenye magari kama Nissan Laurel. Krenki hiyo inaipa pistoni mwendo wa milimita 83 badala ya 79. Injini inafika karibu sentimita 2,893. Lazima pistoni ziwe zile ambazo tundu la pini liko juu zaidi, vinginevyo zitatokeza nje ya bloku. Ila kila kitu kina bei. Kwenye mizunguko 7,000 pistoni ya L24 inakwenda kwa wastani wa mita 17.2 kwa sekunde, na yenye mwendo wa milimita 83 inakwenda mita 19.4. Mtu wa mwendo mrefu asitamani mizunguko mingi.

MTU ALIYEONDOKA UGANDA 1972

Sasa niwaambie kwa nini nilichagua 240Z. Mwaka 1971 gari hii ilishinda mbio za East African Safari, zile za wakati wa Pasaka na matope ya masika. Washindi walikuwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Nafasi ya pili ilikuwa 240Z nyingine, ya kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta.

Mwaka uliofuata, 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, akawapa siku 90. Familia ya Mehta iliondoka ikaingia Kenya. Sitaki kudanganya hapa. Walikuwa watu wenye mali, hawakukaa chini ya turubai kama sisi. Lakini kuondoka nchi uliyozaliwa kwa sababu mtu amesema wewe sio wa hapa, hilo tunalijua, halihitaji maelezo.

Pasaka ya mwaka 1973 Mehta alirudi kwenye Safari na 240Z, msaidizi wake akiwa Lofty Drews. Baada ya maelfu ya kilomita, vumbi na matope, alama zilipohesabiwa walikuwa wamefungana sawasawa na Harry Källström wa Sweden, ambaye alikuwa na Datsun ya silinda nne. Sare! Ikabidi kanuni iamue. Na kanuni ilisema ushindi ni wa yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta.

Nimeifikiria sana kanuni hiyo. Haikuuliza nani ana mbio kuliko mwenzake. Iliuliza nani alikwenda mbali zaidi bila kosa. Mehta alikuja kushinda Safari mara nne zaidi, mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Alifariki mwaka 2006. Na magari ya enzi zile, 240Z zikiwemo, yamekuwa yakirudi barabarani katika mbio za magari ya kale za Safari Classic zilizoanza 2003. Injini zilizozeeka kuliko mimi mwandishi zinapita tena kwenye mashimo, kwa sababu kuna mtu alikaa chini akapima.

JIONI YA TATU

Najua hapa kambini hakuna atakayejenga gari ya mbio mwaka huu. Lakini mashine ya kusaga ina pistoni. Pikipiki ina pistoni. Mashine ya zoni yetu ilipokufa, akina mama walitembea na magunia kichwani mpaka zoni nyingine wiki tatu. Fundi mmoja anayepima ni unga wa familia nyingi.

Papa fundi ana hedi ya zamani ya Land Cruiser ya petroli, ina ufa, watu wanaitumia kama benchi la kukalia. Jioni ya tatu tuliigeuza. Kijana alisafisha vyumba sita, akafunika kwa kipande cha kioo, akapima kwa bomba la sindano, akaandika. Kati ya chumba kikubwa na kidogo kulikuwa na tofauti ya sentimita za ujazo tatu. Aliniuliza: "Mwalimu, hiyo ni nyingi?" Nikamwambia piga hesabu. Alichukua muda, alifuta mara mbili, halafu akamwonyesha mzee karatasi.

Mzee aliisoma. Aliingia ndani akatoka na kitambaa, ndani yake kulikuwa na kipimo cha vernia, cheusi kwa mafuta ya miaka mingi. Alisema, "Siku tulipokimbia nilibeba watoto, sufuria na hiki." Akampa kijana akishike, akamwonyesha namna ya kusoma mistari midogo. Hakumpa kiwe chake. Alimwambia arudi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi kijana alikuwa darasani, safu ya mbele. Jioni alikuwa kwa mzee. Wazazi, msimwambie mtoto achague kati ya daftari na spana. Mwambieni spana ina namba, na namba hiyo iko kwenye daftari.

SWALI LA MWEZI kwa watoto na wakubwa: injini ya L28 ina silinda sita, upana milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 79. Ujazo wake ni sentimita ngapi? Na kama tunataka ibane mara tisa, nafasi ya juu ya kila silinda iwe kiasi gani? Leteni majibu darasani na hesabu zake zote zikionekana. Anayekadiria kwa macho tutamsimulia habari ya Ngomo.

Mungu awalinde. Tukutane mwezi ujao.